Hijama: Sunna Iliyokuja na Masharti Yake

Katika miji ya pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, hijama imetoka uani na kuingia barabarani. Zamani kuumika ilikuwa kazi ya watu wachache waliojulikana mtaa mzima, wenye pembe ya ng'ombe na wembe wao. Leo kazi hiyo ina mabango, ina vyumba vya kulipia, ina vikombe vya plastiki vinavyovutwa hewa kwa pampu, na ina matangazo yanayozunguka kwenye simu kukumbusha kwamba tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa Kiislamu zimekaribia. Si ajabu kuona tangazo moja likiahidi kuondoa maumivu ya mgongo, presha, kisukari, ugumba, ganzi, kiharusi na sihri kwa mkupuo mmoja. Anayeuliza ushahidi uko wapi hujibiwa kwamba hii ni sunna, na mjadala huishia hapo. Upande wa pili wapo wanaoibeza hijama yote kuwa ni ushamba wa kutoana damu. Pande hizi mbili zinagombana, lakini zinafanana kwa jambo moja: hakuna unaoisoma sunna hiyo mpaka mwisho. Mapokeo ya Kiislamu hayakutuachia tendo la kuumika peke yake. Yametuachia na masharti yake: dawa ilingane na ugonjwa, mtendaji awe na ujuzi unaojulikana, anayedhuru awajibike, na mwenye mamlaka akague. Aliyechukua vikombe akayaacha masharti amechukua nusu ya sunna, tena ile nusu iliyo rahisi.

Nafasi ya hijama katika mapokeo hayo haina shaka. Imam Bukhari ametenga kitabu kizima cha tiba ndani ya Sahihi yake, na humo Ibn Abbas anapokea kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alitaja ponyo katika mambo matatu, yaani kinywaji cha asali, chale ya hijama na kuchoma kwa moto, kisha akaukataza umma wake huo moto. Ibn Abbas anasimulia pia kwamba Mtume aliumikwa kichwani akiwa katika ihramu, kwa sababu ya kipandauso kilichokuwa kikimsumbua. Anas bin Malik anamtaja hata aliyeifanya kazi hiyo: Abu Taiba, mtumwa, ambaye Mtume aliamuru apewe pishi mbili za chakula, kisha akazungumza na mabwana zake wampunguzie fungu walilokuwa wakimtoza. Lakini angalia pokezi la Jabir bin Abdillahi, lililomo humo humo ndani ya Bukhari. Hapo kheri ya hijama, asali na moto imefungwa na sharti kwamba tiba hiyo iwe inaafikiana na ugonjwa. Katika Sahihi Muslim, Jabir huyo huyo anapokea kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ikiupata ugonjwa wake mtu hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Maana yake ni nzito kuliko inavyosikika. Kama dawa lazima iafikiane na ugonjwa, basi yako maradhi ambayo hijama inayafaa na yako ambayo haiyafai, na kuyatenganisha ni kazi ya uchunguzi. Anayeahidi kwamba vikombe vinatibu kila kitu amelifuta sharti lililowekwa na Mtume mwenyewe. Na Mtume hakuifanya hijama kuwa mlango pekee wa tiba. Muslim anapokea kwamba Ubayy bin Ka'b alipougua, Mtume alimpelekea tabibu, na tabibu huyo alitumia njia nyingine kabisa: alimkata mshipa kisha akauchoma.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kuumika hakukuanza na Uislamu. Mrumi Celsus, aliyeandika juu ya tiba katika karne ya 1, anaeleza vikombe vya aina mbili: vya shaba, vilivyotiwa kitambaa kinachowaka ili kunyonya, na vya pembe, vyenye tundu nchani ambalo mtu alilivuta kwa mdomo kisha akaliziba kwa nta. Mzee wa pwani aliyeumika kwa pembe angeitambua kazi hiyo mara moja. Wagiriki kabla ya Celsus walikuwa na kawaida hiyo, na tabibu zao ndio waliojenga ile nadharia ya michanganyiko minne ya mwili, yaani damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, ambayo baadaye matabibu wakubwa wa Kiislamu waliirithi na kuipanua. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiandika hijama ndani ya kitabu chake cha tiba, Qanun, kwa msingi huo, na al-Zahrawi wa Andalusia, mwalimu wa upasuaji, aliifanyia maelezo na michoro ya vyombo. Wanazuoni hawa hawakuona aibu kupokea ujuzi wa watu wa dini nyingine, wala hawakuona kwamba jambo likitajwa katika Hadithi basi halina haja ya kuchunguzwa tena. Walilipima kwa elimu bora kabisa waliyokuwa nayo. Elimu hiyo ya michanganyiko minne leo imepitwa, lakini tabia yao ya kupima haijapitwa, na hiyo ndiyo tunayopaswa kuirithi.

Kuna swali la zamani ambalo mjadala huu hauwezi kulikwepa: je, maneno ya Mtume kuhusu tiba ni sehemu ya wahyi, au ni ujuzi wa watu wa zama zake? Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alijibu waziwazi katika Muqaddima kwamba Mtume alitumwa kufundisha sharia na wala hakutumwa kufundisha utabibu. Kwake, tiba zilizotajwa katika Hadithi zinatokana na desturi za Waarabu, ingawa anayezitumia kwa imani ya kweli na kutaraji baraka anaweza kupata nafuu kubwa. Alitolea ushahidi kisa cha kuchavusha mitende, ambapo Mtume aliwaambia watu wa Madina kwamba wao ndio wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alikuwa upande mwingine kabisa, akiiona tiba ya Mtume kuwa na yakini isiyopatikana kwa matabibu. Hata hivyo, Ibn al-Qayyim huyo huyo, katika Zad al-Ma'ad, anafafanua kwamba maelekezo ya hijama yanawahusu zaidi watu wa Hijazi na nchi za joto, ambao kwa fahamu ya wakati wake damu yao ilidhaniwa kuwa nyepesi na karibu na ngozi, na kwamba kwa nchi za baridi kukata mshipa kunafaa zaidi. Sababu aliyoitoa haisimami mbele ya elimu ya leo, lakini njia yake inasimama. Mtetezi mkubwa wa tiba ya Mtume aliuliza mgonjwa ni nani, yuko wapi, na hali ya mwili wake ni ipi. Kwa hiyo msomaji anaweza kumfuata Ibn Khaldun au Ibn al-Qayyim apendavyo. Hakuna kati yao anayempa ruhusa ya kumuumika kila mtu kwa kila ugonjwa.

Masharti yenyewe yamewekwa kwa maneno makali kuliko sheria nyingi za leo. Abu Dawud, al-Nasai na Ibn Majah wanapokea kwamba mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa ujuzi wa tiba hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Huo ni msingi wa uwajibikaji wa mganga, uliowekwa karne nyingi kabla ya mabaraza ya kisasa ya madaktari. Abu Dawud anasimulia pia kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akaamka na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu anayaweza maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume aliwalaani kwa kumuua, akahoji kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, akasema kwamba ponyo la kutojua ni kuuliza. Wenzake yule majeruhi hawakuwa watu wabaya. Walitaka kuishika ibada sawasawa, na nia yao njema haikuwaokoa na lawama, kwa sababu walitoa hukumu juu ya mwili wa mgonjwa bila elimu. Anayemshawishi mgonjwa wa kisukari aache sindano zake kwa kuwa amekwisha kutolewa damu chafu yuko mahali pale pale walipokuwa wao.

Dola za Kiislamu zilizigeuza kanuni hizi kuwa ukaguzi wa sokoni. Afisa aliyeitwa muhtasib alikuwa na kazi ya kukagua mizani, vyakula, majengo na ufundi wa kila aina. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa maafisa hao huko Sham katika karne ya 12, anawahesabu waumikaji na wakata mishipa miongoni mwa watu wanaopaswa kusimamiwa. Mtihani anaoueleza ni wa vitendo: karatasi ilibandikwa juu ya tofali, na mpiga hijama akaamriwa aichanje. Wembe ukipenya karatasi na kugusa tofali, mkono wake ulihesabiwa mzito na ufundi wake mbaya. Mwanafunzi wa kukata mishipa naye alitakiwa ajizoeze kwa muda mrefu juu ya vishipa vya jani la mboga iitwayo silq, ambayo sisi tunaila kwa jina la spinachi, mpaka mkono wake unyooke, kabla ya kumkaribia mtu. Mtihani huu unavunja dai moja linalorudiwa sana siku hizi, kwamba kudai cheti kwa mtoa hijama ni uvamizi wa fikra za kigeni dhidi ya sunna. Ukweli ni kinyume chake. Kilicho kigeni katika historia ya Uislamu ni soko la hijama lisilo na mkaguzi, ambamo mtu hujifunza kwa video za wiki moja, hununua seti ya vikombe, na kuanza kuwachanja watu migongo.

Tukishakubali kwamba tiba lazima iafikiane na ugonjwa, swali linalofuata ni ugonjwa upi. Hapa elimu ya leo ina majibu ya kiasi, na uadilifu unatutaka tuyataje yote, yanayopendeza na yasiyopendeza. Yanayopendeza ni kuhusu maumivu. Mwaka 2009 jaribio lililofanyika Iran kwa wagonjwa 98 wa maumivu ya kiuno lilionesha nafuu kwa waliopata hijama ya damu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwaka huo huo, watafiti mjini Berlin walipata matokeo ya namna hiyo kwa wagonjwa 52 wenye maumivu na ganzi ya kiganja inayotokana na mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Yasiyopendeza ni ubora wa ushahidi kwa jumla. Mwaka 2011 watafiti waliochambua mapitio matano ya kitaalamu walihitimisha kwamba ushahidi wenye kutia moyo upo katika maumivu tu, na hata huko una mashaka. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliyokusanya majaribio 135, yalikuta kwamba mengi yalifanywa kwa namna inayoacha mwanya mkubwa wa upendeleo. Kuhusu presha, utafiti uliofanyika Jeddah kwa wagonjwa 80 na kuchapishwa mwaka 2015 una somo kubwa: baada ya wiki nne presha ya waliopata hijama ilishuka, na baada ya wiki nane tofauti hiyo haikuwapo tena. Hao walikuwa watafiti wa nchi ya Misikiti Miwili Mitakatifu, wakiipima hijama katika ardhi yake, na wakaandika walichokikuta. Mgonjwa wa presha anayeacha vidonge kwa sababu kipimo kimeshuka wiki mbili baada ya hijama anaweza kupata kiharusi wiki ya kumi.

Atasema mtu kwamba majaribio ya wachache hayafuti ushuhuda wa maelfu wanaotoka kwenye chumba cha hijama wakiwa wepesi wa mwili. Ushuhuda huo haupaswi kudharauliwa, lakini unapaswa kueleweka. Maumivu ya mgongo na kichwa yana tabia ya kupanda na kushuka, na watu hutafuta tiba yanapokuwa yamepanda, hivyo wengi wangepata nafuu kwa vyovyote. Kuvutwa ngozi, kuguswa, kulala kwa utulivu na kusomewa dua navyo vina athari yake katika namna ubongo unavyopokea maumivu. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 141 wenye maumivu sugu ya misuli ya mwili mzima. Baadhi waliwekewa vikombe vya kweli, baadhi vikombe vilivyotobolewa visivute, na baadhi walibaki na matibabu ya kawaida. Waliowekewa vikombe vya kweli walipata nafuu kuliko walioendelea na matibabu ya kawaida, lakini hawakuwapita waliowekewa vikombe visivyovuta. Matokeo hayo hayasemi kwamba wagonjwa walidanganya. Yanasema kwamba sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na kuhudumiwa na kutaraji kupona, na hilo ni jambo la kweli lenye thamani kwa mtu mwenye maumivu. Lakini matarajio hayashushi sukari ya damu, hayafungui mrija wa uzazi ulioziba, wala hayaui vijidudu vya kifua kikuu. Ndiyo maana mpaka kati ya maumivu na maradhi mengine ni mpaka wa kulindwa. Hata umaarufu wa wanamichezo haumwongezei mtu ushahidi: alama za vikombe zilizoonekana mabegani mwa mwogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 zilithibitisha kwamba alizipenda, na si zaidi ya hapo.

Hoja inayowavuta watu zaidi ni ile ya damu chafu. Mteja huoneshwa damu nyeusi, nzito, iliyoganda kikombeni, akaambiwa hiyo ndiyo sumu iliyokuwa ikimsumbua. Damu yoyote ikitoka mwilini na kukaa kikombeni huganda baada ya dakika chache, iwe ya mtu mgonjwa au mzima, na damu iliyokwisha kutoa oksijeni yake huwa na rangi iliyoiva. Kuganda huko ni dalili kwamba mwili una uwezo wa kuzuia kuvuja damu; asiyeganda damu ndiye wa kuhofiwa. Kazi ya kusafisha damu imepewa ini na figo, na ukubwa wa kazi hiyo huonekana zinaposhindwa. Mtu ambaye figo zake zimekufa huunganishwa na mashine kwa takriban saa nne, mara tatu kwa wiki, ili damu yake yote ipite na kuchujwa tena na tena. Mtu mzima ana damu inayokaribia lita tano, na uchafu ulioyeyuka ndani yake umeenea kote. Kuondoa vijiko kadhaa hakuwezi kuisafisha iliyobaki. Wapo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Taibah mjini Madina, waliopendekeza nadharia kwamba mvuto wa kikombe huifanya ngozi ichuje mabaki kwa namna inayofanana na figo. Nadharia hiyo inastahili kupimwa kwa vipimo vya maabara na kwa wagonjwa halisi. Kabla ya kupimwa, kumwambia mgonjwa kwamba amesafishwa ni kutoa ushahidi wa jambo ambalo hujaliona, na Muislamu anajua uzito wa ushahidi wa aina hiyo.

Hatari nazo zina majina. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, juu ya kitu kikavu ambacho jicho halioni doa lolote la damu. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo watu wazima wengi wanaolala kwenye vitanda vya hijama leo hawakuipata utotoni. Hatari hiyo pamoja na homa ya ini aina ya C na VVU inatosha kueleza kwa nini wembe mpya peke yake hautoshi. Kikombe kilichojaa damu ya mteja wa asubuhi, kikasuuzwa kwa maji na sabuni na kuwekwa juu ya chale za mteja wa jioni, kinaweza kubeba kilekile ambacho wembe ulizuiwa kukibeba. Pampu, mipira, glavu na mashuka navyo vimo katika hesabu. Kuna pia watu ambao hawapaswi kutolewa damu kiholela: mjamzito, mwenye upungufu wa damu, mwenye selimundu, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mwenye kisukari ambaye vidonda vyake haviponi upesi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na upungufu wa damu kwa wanawake ni tatizo la kila siku katika kliniki zetu. Masahaba walilielewa hili kwa kiwango cha elimu yao. Anas alipoulizwa kama walikuwa wakichukia hijama kwa aliyefunga, alijibu kwamba hapana, isipokuwa kwa ajili ya udhaifu. Maneno hayo mafupi yanamlazimisha mtoa hijama kumtazama anayelala mbele yake kabla ya kushika wembe.

Suala la tarehe halihitaji kutuchelewesha sana. Hadithi ya tarehe 17, 19 na 21 imo katika Sunan Abi Dawud, na anayependa kuzichagua siku hizo kwa hijama ya kujikinga ana pa kusimama. Lakini Mtume alipoumikwa akiwa katika ihramu, sababu iliyotajwa ni maumivu ya kichwa, na Imam Ahmad bin Hanbal amepokelewa kwamba alikuwa akiumikwa wakati wowote alipohisi haja. Tarehe zinapogeuzwa msimu wa biashara, vyumba hujaa, watoa hijama hukimbizana na foleni, na usafi ndio wa kwanza kuachwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la imani. Wapo wanaohofu kwamba ukiruhusu majaribio ya kitabibu kuihukumu hijama, kesho utaruhusu yaihukumu sala. Hofu hiyo inatoka mahali pema, lakini inachanganya mambo mawili. Sala ni ibada isiyodai kushusha presha; haina kitu cha kupimwa kwa mashine. Aliyebandika bango kwamba hijama inatibu kisukari ametoka mwenyewe katika uwanja wa ibada na kuingia katika uwanja wa mambo yanayopimika, na akiwa huko hawezi kukataa kipimo. Wala upimaji huu si silaha iliyotengenezwa dhidi ya Waislamu. Matabibu wa Ulaya na Marekani walitoa damu kwa wingi kupita wapiga hijama wote tunaowajua. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alitolewa damu nyingi sana katika ugonjwa uliomuua mwaka 1799. Kilichowafumbua macho ni hesabu. Mwaka 1835 tabibu Pierre Louis wa Paris alichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa homa ya mapafu waliotolewa damu, akaonesha kwamba faida iliyodhaniwa ilikuwa ndogo mno. Waliipima desturi yao waliyoipenda, na maisha mengi yakaokoka.

Pingamizi jingine ni kwamba hospitali nazo zina makosa, ni ghali, na wakati mwingine humfukuza mtu kwa lugha ya jeuri, ilhali mtoa hijama humpokea mgonjwa kwa salamu na dua. Hilo ni kweli, na ni lawama ya haki kwa mfumo wetu wa afya. Lakini kosa la hospitali halimsafishi mwingine. Daktari anayekosea ana baraza linaloweza kumwita, faili linaloweza kusomwa na leseni inayoweza kufutwa. Tunachokidai kwa hijama ni usawa huo, si zaidi. Na msingi wa kisheria tayari upo. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 na kuunda baraza lake. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili tangu mwaka 1974. Na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inatambua tiba asili na tiba mbadala. Nchi za Kiislamu zimekwenda mbali zaidi. Saudi Arabia inaisimamia hijama kupitia taasisi ya tiba mbadala iliyo chini ya Wizara ya Afya, kwa leseni kwa mtendaji na kwa mahali pake. Malaysia ina sheria ya mwaka 2016 ya tiba za jadi inayojumuisha tiba ya Kiislamu. Hakuna anayezituhumu nchi hizi kwa kuipiga vita sunna.

Yanayohitajika yanatekelezeka. Mtoa hijama ajifunze mahali panapotambulika, afanyiwe mtihani wa vitendo, na apate chanjo ya homa ya ini. Wembe na kikombe vitumike kwa mtu mmoja kisha viteketezwe kama taka za hospitali. Mteja aulizwe maradhi yake na dawa anazotumia, apimwe presha na wingi wa damu kabla ya kuchanjwa, na kumbukumbu iandikwe. Tangazo litaje maumivu, lisitaje kisukari, ugumba wala saratani, na mgonjwa asiambiwe kamwe aache dawa za daktari. Wanawake wapatiwe watoa hijama wanawake waliofunzwa, kwani hata Muslim anapopokea kwamba Mtume alimwamuru Abu Taiba amuumike Ummu Salama, mpokezi ameona umuhimu wa kueleza kwamba anadhani alikuwa ndugu yake wa kunyonya au kijana ambaye hajabaleghe. Gharama za usafi huu zitapandisha bei kidogo, na hapo ndipo misikiti na taasisi za wakfu zinapoweza kuingia, kwa kugharimia vifaa na mafunzo. Maimamu nao wana kauli ambayo serikali haina: wakisema mimbarini kwamba anayeumika bila ujuzi ana dhamana mbele ya sheria na mbele ya Mwenyezi Mungu, watasikilizwa na watu ambao mkaguzi wa afya hawezi kuwafikia.

Hijama imeishi karne nyingi kwa sababu watu walipata ndani yake nafuu ya maumivu na ukaribu wa Mtume wao. Vyote viwili vinaweza kubaki. Kinachoweza kuiua ni mgonjwa wa presha aliyeacha vidonge akapooza, mama aliyeambukizwa homa ya ini kwa kikombe kisichosafishwa, na familia zao zitakazosema kwamba hayo ndiyo waliyotendewa kwa jina la sunna. Atakayeizuia siku hiyo isifike ni Muislamu mwenyewe, mteja na mtoa hijama, kwa kudai leo ukaguzi ambao wazee wake katika dini waliudai zamani.